Mkeka na Nyonga ya Pili ya Bi Siwema

Nyie mnaoanza kazi ya uhudumu kwenye chumba cha upasuaji wa mifupa, hongereni sana. Mmechagua kazi ambayo ndugu zenu wataieleza vibaya mpaka mnazikwa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliondoka duniani akiamini mimi ni nesi. Majirani zangu hapa Kibiti waliamini ni daktari, ila nina roho mbaya ndiyo maana siwapi dawa. Ukweli ni kwamba miaka yote niliyokuwa pale hospitalini kwetu, kando ya barabara iendayo Lindi, kazi yangu kubwa ilikuwa kushika miguu. Jina la hospitali silitaji, maana dawa zangu za presha bado nazichukua palepale.

Msicheke. Kabla daktari hajachana nyonga ya mtu, mguu mzima lazima upakwe ile dawa ya kahawia, mbele na nyuma, toka kiunoni hadi vidoleni. Hauwezi kupakwa ukiwa umelala mezani. Lazima mtu aunyanyue na kuuning'iniza hewani, na mwenye mguu wake keshalala usingizi wa dawa, hakusaidii hata kwa dua. Mguu wa mtu aliyelala ni mzito kama gunia la mpunga lililonyeshewa. Tofauti ni moja tu, gunia ukilidondosha huitwi ofisini.

Basi shikeni hili, halimo kwenye simu zenu. Panua miguu yako wewe kwanza. Shika kisigino kwa viganja viwili, viwiko uvibane ubavuni, na usiangalie saa ya ukutani. Saa ya ukutani haijawahi kumsaidia mshika mguu. Mie nilikuwa naota ndoto. Nimeishia darasa la saba, lakini kuota hakuna mtihani. Nikishika mguu nilikuwa najiona mwenye karakana yangu palepale Kibiti stendi, natengeneza viti virefu na vitanda virefu vya wagonjwa wa nyonga, wateja wamepanga foleni hadi sokoni, nami nimekaa juu ya kiti kirefu kuliko vyote nakunywa chai ya tangawizi.

"Mwajuma!" Sista Paskalina alikuwa akinikatiza ndotoni. "Rudi duniani, mguu unashuka!"

Sista Paskalina ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa msimamizi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Hakuwahi kunisifu. Siku moja tu, baada ya miaka mingi, aliniambia, "Leo hukunikera." Nilikwenda nyumbani nikapika pilau.

Sasa tuje kwenye nyonga. Nyonga ya mtu ni kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Ikiharibika, madaktari huweka kichwa na kikombe vya bandia. Hiyo kazi ya kwanza kila mtu anaipenda. Mgonjwa anatembea, ndugu wanalia, wakubwa wanakuja kupiga picha, na mshika mguu anaombwa asogee kidogo asiharibu picha.

Kazi ya pili haina wapiga picha. Ni pale kile kilichowekwa kinapolegea, inabidi kitolewe na kiwekwe kingine. Upasuaji wa marudio, ndivyo wenyewe walivyouita, kana kwamba mgonjwa kafeli darasa. Mwaka mmoja ililetwa kesi ambayo shina la bandia, kile chuma kinachobeba kichwa, lilikuwa limegandishwa pajani kwa saruji ya mifupa. Umewahi kuona fundi aking'oa fremu ya mlango kwenye ukuta uliokwisha kukauka, na mwenye nyumba anasema ukuta usipasuke? Basi ndiyo hiyo, ila ukuta ni mfupa na mwenye nyumba yuko mezani. Zama zile waliibandua saruji kipande kwa kipande kwa patasi na nyundo, nami natoka pale masikio yanalia. Baadaye ikaja mashine ya kuitikisa saruji mpaka ilegee, kazi ikapungua kelele. Kila anayedhani upasuaji ni kazi ya taratibu na muziki wa polepole, aje asimame nje ya mlango siku ya marudio. Ndugu wa mgonjwa yule waliniuliza, "Dada, kwani humo ndani mnajenga?"

Ninayetaka kuwasimulia hasa ni Bi Siwema.

Alitoka visiwani kwenye delta, akaja kwa boti ya injini hadi Nyamisati, kisha bodaboda hadi kwetu, na bado aliposhuka alikuwa amenyooka kuliko dereva. Nyonga yake ya bandia aliwekewa Dar miaka kadhaa nyuma. Ilitembea vizuri, halafu ikaanza kumuuma kwenye kinena, halafu ikaanza kulia ka! ka! akitembea. Eksirei ilionyesha kikombe kimeinama kama sufuria lililokaa vibaya jikoni.

Mtu yeyote wa Kibiti alimjua Bi Siwema. Alikuwa kungwi. Kwa nyie mliokulia mjini, kungwi ni bibi anayemfunda binti kabla hajaolewa: ndoa, nyumba, mume, na mengine ambayo siku hizi mnafundishwa na mshereheshaji mwenye kipaza sauti ukumbini. Makungwi hufundia ndani, chini, juu ya mkeka wa ukindu. Yanayofanyika mkekani ni siri. Kila mwanamke kutoka Kibiti mpaka Kilwa anaijua, lakini ni siri. Mwanamume haambiwi, hata akiwa na shahada ngapi ukutani.

Bingwa wetu wa nyonga alikuwa mwanamume mwenye shahada nyingi ukutani. Dokta Mushi, kijana wa Kilimanjaro, mpole, mwenye subira ya kuvua samaki. Alikuja kwetu kutoka Dar na timu yake kwa vipindi. Alimvuta Bi Siwema maji ya nyonga kwa sindano, yakapimwa, hakukuwa na wadudu wala usaha. Basi kilichokilegeza kikombe si ugonjwa, ni mwendo. Akaanza kuuliza.

"Bibi, ulianguka?"

"Mie si embe."

"Unachuchumaa?"

"Nichuchumae nina wazimu? Mwanangu kanijengea choo cha kiti."

"Unakuna nazi kwenye mbuzi?"

"Nakunia mezani kwa mashine, kama mzungu."

"Na kusali?"

"Nasali kitini. Sheikh kaniruhusu."

"Kwa hiyo hukai chini kabisa?"

Bi Siwema alitazama dari. "Dari lenu linavuja," akasema.

Dokta aliweka kalamu chini. Alimweleza kwa upole kuwa kila kikombe kinapolegea kinakula mfupa. Mfupa wake uliobaki unatosha kushika kikombe kimoja zaidi. Hicho nacho kikilegea hapatakuwa na pa kukishikiza, na atamaliza maisha kitandani. "Nikikuwekea bila kujua kilichokilegeza hiki, nitakuwa nimekufunga kamba nikakupa na kisu. Niambie unafanya nini."

Bi Siwema akavuta ushungi. "Kuna mambo mwanamume haambiwi."

Dokta akanigeukia mimi. "Mwajuma, wewe ni wa huku. Anafanya nini?"

Nami nilijua! Nilifundwa mwenyewe. Najua kungwi anakaa vipi mkekani, ananyanyuka vipi, anarudi vipi chini. Lakini Bi Siwema alinitazama kwa jicho ambalo nikiliota hadi leo naamka kutafuta kanga.

"Dokta," nikasema, "dari kweli linavuja."

Sista Paskalina alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa cha kunifukuza kazi.

Hapo ndipo nilipompendea Dokta Mushi. Hakukasirika. Mezani kwake palikuwa na nyonga ya plastiki ya kufundishia, kichwa na kikombe chake. Akaichukua akampa Bi Siwema mkononi.

"Bibi, sitaki kujua unafanya nini, wala wapi, wala na nani. Hii ndiyo nyonga yako. Nionyeshe inafika wapi."

Bi Siwema akaigeuza ile plastiki, akaipima kama anayenunua kuku. Akanitazama, akamtazama Sista, akaona siri haijavunjwa. Akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, paja kwa mkono wa kulia, akaanza kulikunja taratibu. Likapanda juu. Likapita pale Dokta alipodhani ndipo mwisho. Likazunguka kwa ndani. Kichwa kikachomoka, pwa! Kikadunda sakafuni kikaingia chini ya kabati.

"Hapo," alisema Bi Siwema.

Dokta Mushi aliifuta miwani yake, na miwani haikuwa na kitu.

"Mara ngapi?"

"Kila mwali."

Kukitoa kichwa chini ya kabati nilitumwa mie, bingwa wa kulala sakafuni.

Siku ya upasuaji nilimshikia mguu, na siku hiyo sikuota kiti wala karakana. Shina la pajani lilikuwa limeshika vizuri, Dokta akaligonga, akalisikiliza, akaliacha. Kikombe kilitoka bila ubishi. Chini yake mfupa ulikuwa na mashimo, wakayajaza mfupa uliosagwa, wakaweka kikombe kikubwa zaidi, wakakikaza kwa skrubu. Kisha Dokta akawaambia wasaidizi wake waujaribu mguu: unyoosheni, ukunjeni, uzungusheni. Ulitulia. Mwisho akaupeleka mwenyewe pale Bibi alipoonyesha kwa plastiki.

Kichwa kikatoka kikombeni.

"Hakuna kikombe duniani kitakachovumilia hapo," alisema, akakirudisha taratibu. Nilisimama pembeni na ndoo yangu, nikamwonea Bibi huruma. Maana nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Bi Siwema hakuja kutafuta nyonga ya kutembelea. Alikuja kutafuta nyonga ya kumfundia Rukia.

Rukia ni mjukuu wake. Mama yake, binti pekee wa Bi Siwema, alifariki Rukia akiwa mdogo, na kabla hajakata roho alimwambia mama yake, "Mwanangu usimpe mtu mwingine amfunde." Sasa Rukia alikuwa mwalimu Ikwiriri, kaposwa, na arusi ilikuwa inakuja. Bi Siwema alikuwa amefunda nusu ya wake wa delta. Huyu mmoja ndiye aliyebaki.

Alipoambiwa masharti wodini, kwamba goti lisipande juu ya nyonga maisha yake yote, hakulia. Alisema tu, "Mungu kaniruhusu kitini. Makungwi hawajaniruhusu."

Nilimfundisha kila ninachojua, na nyie mkisikilize. Mto katikati ya mapaja wakati wa kulala. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, ulio mgonjwa ndio utangulie. Kupanda boti, usiruke kama unakimbia deni. Kaa kwanza ukingoni, mgongo utangulie, miguu iingizwe na mwingine. Na kitanda kiinuliwe kwa matofali kila mguu, mpaka ukikaa goti liwe chini ya nyonga. Mwanawe alikiinua kitanda kweli. Alikiinua kwa moyo wote, ndiyo tabia ya watoto wa kiume, ukimwambia kidogo anakuletea mnara.

Shughuli ya Rukia ilifanyika Kibiti, nyumbani kwa mwanawe Bi Siwema. Nilialikwa kama mgonjwa anavyomwalika mtu aliyemwona bila nguo, kwa heshima na wasiwasi. Nilikwenda alasiri na kanga mpya. Niliapa, akikaa chini nitapiga kelele, mila ifanye itakavyo.

Nitakachosimulia ni habari za fanicha tu. Nyie wanaume mnaosoma msitege sikio.

Chumbani mkeka ulikuwa umetandikwa sakafuni, kando ya kile kitanda kilichoinuliwa, Rukia kakaa katikati, kafunikwa kanga, kichwa chini. Mwali haongei wala hainui macho. Makungwi wenzake Bi Siwema walijipanga ukutani, mbele yao Bi Tatu, rafiki na adui yake tangu ujana, mwenye ulimi wa kukatia nyama. Bi Siwema alisimama na fimbo yake. Mimi nikaleta kiti kirefu.

"Ebo!" Bi Tatu akakiona. "Kungwi wa kiti? Mwakani tutaletewa kungwi wa sofa. Halafu atatufundia kwa simu."

"Bi Tatu, daktari kasema..."

"Daktari kafundwa na nani? Kungwi na mwali mkeka mmoja. Tumekuta, tutaacha. Siwema, kama huwezi sema, nikae mie. Si aibu, mwenzangu. Kila gari lina siku ya kuegeshwa."

Sauti yake ilikuwa ya kejeli, ila nilimwona anavyoukamata ukuta kusimama. Bi Siwema alinipa fimbo. Akaweka mkono ukutani, akaanza kujishusha.

Jamani, nimeona mifupa ikigongwa nyundo sikuogopa vile. Niliona goti linapanda. Nilimsikia Dokta kichwani mwangu akisema hakuna kikombe duniani. Nikafungua mdomo nipige kelele, na kelele haikutoka. Ikatoka "Bi Siwema..." nyembamba kama ya paka.

Rukia alisikia. Macho hakuyainua, neno hakusema. Akanyanyuka. Akaukunja mkeka toka mwisho mmoja, akampita bibi yake aliyekuwa amening'inia ukutani nusu njia, akautandika juu ya kile kitanda cha mnara. Kisha akapanda, akakaa katikati, akajifunika kanga, kichwa chini. Mwali kwenye mkeka, kama kawaida.

Chumba kizima kikamgeukia Bi Tatu.

Bi Tatu alikitazama kitanda. Akautazama mkeka. Aliangalia juu na chini yake kama anayekagua nyumba ya kupanga. Mimi nikamshika Bi Siwema kiuno nikamnyoosha, na niliusikia moyo wake unavyopiga.

"Kungwi na mwali mkeka mmoja," alisema Bi Tatu mwishowe, polepole. "Mwali keshapanda. Siwema, utamwacha mtoto peke yake huko juu?"

Nikamkalisha Bi Siwema, mgongo mbele, miguu nikaingiza mwenyewe. Magoti yalitulia chini ya nyonga. Nilikagua mara mbili, na ningekuwa na rula ningepima.

"Na nyie mnangoja nini?" Bi Siwema akawauliza wenzake.

Hapo ndipo nilipojua. Bibi wa kwanza akapanda kwa haraka isiyo ya adabu. Wa pili akasema magoti yake yamemsumbua tangu mvua za mwaka juzi. Wa tatu alikuwa na mgongo. Bi Tatu akabaki chini peke yake, katika hali ya heshima, kisha akanong'ona, "Sogeeni basi. Mie magoti haya yananiua tangu nimekuwa na wajukuu, ila nani angesema?"

Akapanda. Kitanda kikalia kriiii, tukashikana wote, matofali yakashika.

Yaliyofuata ni siri. Nitasema hili tu: Bi Siwema alimfunda mjukuu wake toka mwanzo hadi mwisho, na pale kwenye lile jambo la nyonga alijizuia, akamwonyesha Bi Tatu kwa kidole, Bi Tatu akafanya kwa niaba yake, akiwa analalamika kila hatua. Bi Siwema alimrekebisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ile furaha usoni mwake nimeihifadhi.

Leo karakana yangu ipo, ina fundi mmoja na msumeno mmoja, na kitanda cha kwanza kuuzwa kilinunuliwa na makungwi. Foleni haijafika sokoni. Itafika.

Ila kabla sijastaafu, Bi Siwema alirudi kwa uchunguzi. Eksirei ilionyesha kikombe kimelala pale pale kilipowekwa, mfupa mpya umekikumbatia. Dokta Mushi aliitazama muda mrefu, kisha akachukua ile nyonga ya plastiki akampa.

"Bibi, siku hizi inafika wapi?"

Bi Siwema akaikunja taratibu. Ikapanda. Mimi nikashika mguu wa kiti changu kwa mazoea. Ikakaribia pale. Ikasimama. Akaitazama kidogo, kama anayeaga mtu stendi, kisha akamrudishia Dokta mkononi, kichwa kikiwa ndani ya kikombe.

"Na mwali?" aliuliza Dokta.

"Kaolewa."

"Hukukaa chini?"

Bi Siwema alitazama dari, ambalo hawajaliziba hadi leo.

"Sikukaa chini," alisema, na kwa mara ya kwanza swali hilo alilijibu, na jibu lilikuwa kweli.